Mwanya wa Vidole Vinne

Alikuwapo, katika zama ambazo tarehe zake zililiwa na mchwa kabla hatujazaliwa, sultani mmoja jina lake Harubu bin Nuumani, na mji wake ukiitwa Shamsina, mji wa bondeni wenye misufi mingi hata msimu wa matunda yake kupasuka hewa yote ilijaa nyuzi nyeupe, na watu wakizungumza polepole wasije wakazimeza. Sultani huyu alikuwa mwadilifu na mkarimu, na alikuwa na balaa moja tu, nayo ni kwamba hakuwa akilala. Mwaka wa nne ulikuwa unaingia tangu usingizi umkimbie, naye alikuwa akiketi barazani macho yamemwiva, akazisalimu nguzo za kasri akidhani ni mabalozi, na mabalozi wenyewe akawapita asiwaone.

Matabibu walimpa kila kinachochemshwa na kila kinachosagwa, na mwisho wakaafikiana kwamba juu ya mlima Zabarijadi, mwendo wa siku arobaini, yuko ndege asemaye, jina lake Sururi, na unyoya wake mmoja ukiwekwa chini ya mto, mwenye mto hulala kama mtoto aliyenyonya akashiba. Basi mwana wa pekee wa Sultani, Amiri Taufiki, kijana mpole mwenye kucheka taratibu, akasimama akasema, "Baba, nitakwenda mimi."

Hapo ndipo desturi ya mji ilipoingia. Katika Shamsina hapana mtu aliyethubutu kusafiri bila mkoba wa tabaka tatu, kaniki nyeusi nje, melimeli laini ndani na sufi katikati, tabaka zote zimeshonwa pamoja kwa mistari ya mshazari, na mkoba huo haununuliwi sokoni hata kwa dhahabu, bali hushonwa nyumbani, chini ya paa analolala msafiri, kwa mkono wa mtu wa nyumba yake. Na kila ajuaye sindano anajua kwamba mkoba wa namna hiyo hushonwa ndani nje, kisha ukapinduliwa kupitia mwanya mdogo ulioachwa katika bitana, na kwingineko mwanya huo huzibwa papo hapo na kazi ikaisha. Watu wa Shamsina hawakuuziba. Waliuacha wazi, upana wa vidole vinne, wakauita mwanya wa marejeo, na aliyeshona ndiye aliyeufunga siku msafiri aliporejea salama. Na msafiri ambaye mwanya wake haujafungwa alihesabiwa bado yuko njiani, hata kama ameketi kwake anakunywa kahawa. Hatoi ushahidi mbele ya kadhi, wala haruhusiwi kuufunga mwanya wa mtu mwingine. Mimi desturi hii sikuitunga, nimeipokea kama ilivyo, na kama wewe unaiona ya ajabu, kaa nayo kidogo.

Sasa, mama yake Taufiki alikuwa marehemu, dada hakuwa naye, na yaya aliyemlea alikuwa amekwisha kupoteza nuru ya macho. Kasri zima la vyumba sabini na viwili halikuwa na mkono mmoja wa nyumbani unaojua kushona. Waziri Burhani, mtu mwembamba asiyekosa jibu, akasema, "Maulana, mkono wa nyumbani ukikosekana, huletwa kwa nikahi. Yuko binti wa marehemu Faraji, yule mshona magodoro, anaitwa Zuwena, na hapana ajuaye sufi kumshinda. Amiri amwoe, ashone mkoba, na siku Amiri atakaporejea na mwanya ukafungwa, binti apewe talaka yake na nyumba nzuri ya kukaa, kwa maana haifai kiti cha Shamsina kirithiwe na wajukuu wa mshona magodoro."

Zuwena akaitwa, akaelezwa, akakubali, kwa sababu nyumbani kwake hakuwa amebaki mtu wa kumwuliza shauri, na pia kwa sababu alimwona Sultani akiinamia nguzo na kuisalimu kwa heshima, na moyo wake ukamwuma. Kadhi akafunga ndoa, na Taufiki akalitamka sharti kama lilivyoandikwa, "Siku nitakaporejea, na mkono wako ukaufunga mwanya wa mkoba wangu, talaka yako imekufikia." Na Zuwena akaitikia, kisha akauliza mkasi uko wapi.

Siku saba alishona katika ukumbi wa mashariki, ambako jua la asubuhi lilikuwa likiingia kupitia madirisha ya vioo vya rangi na kumwaga mabaka mekundu na ya kijani juu ya kitambaa. Alitandika melimeli, akachambua sufi kwa vidole mpaka ikawa nyepesi kiasi cha kutaka kuondoka yenyewe, akaitandaza, akaifunika kwa kaniki, akapiga bandi ya uzi mweupe ili tabaka zisihame, na ndipo akaanza mistari yake. Amiri Taufiki aliambiwa hana kazi pale, akaja hivyo hivyo, akakaa upande wa pili wa kitambaa akishika pindo ili lisikunjamane.

"Bi Zuwena," akasema siku ya pili, "mbona umeanzia katikati?"

"Ukianzia pembeni, Seyyid, sufi yote inakimbilia upande mmoja, na mkoba unaota kitambi."

Taufiki akacheka kicheko chake cha taratibu, na sindano ya Zuwena ikakosea njia kwa mara ya kwanza tangu ajue kushona. Na siku zilizofuata walizungumza habari nyingi, za marehemu mama yake na za marehemu baba yake, za jinsi magodoro ya matajiri na ya maskini yanavyojaa sufi ileile, na ukumbini mlikuwa na utulivu mwororo, nyuzi nyeupe zikielea katika mwanga na hapana mtu aliyetaka kuzifukuza. Kwa kifupi, Zuwena alimpenda mume wake. Ni jambo la kawaida kwa walio wengi, lakini yeye lilimtia hofu, kwa kuwa asiporejea amempoteza, na akirejea ameachwa.

Siku ya saba asubuhi aliupindua mkoba kupitia mwanya, akazisukuma pembe kwa kijiti butu mpaka zikasimama, na alipokuwa akiukung'uta akasikia sauti nyembamba, ya mtu aliyeamshwa vibaya, ikisema, "Ewe binti wa watu, umenishona."

Zuwena akautua mkoba juu ya mkeka. "Nani wewe?"

"Naitwa Ghubari, jini wa misufi. Nimelala ndani ya tunda moja miaka mia tatu bila kumbughudhi mtu, na sasa najiona kichwa kiko mraba wa tatu na goti liko mraba wa arobaini na moja. Sikulaumu, mistari yako imenyooka. Lakini sheria yetu ni kwamba jini akizungushiwa mshono huwa mtumwa wa alichoshonewa. Nakuomba, uache mwanya huo wazi kama ilivyo desturi yenu, nami nitatoka polepole, unyuzi kwa unyuzi, muda wa mwezi mmoja."

"Na ukishatoka, mume wangu atalindwa na nani huko majangwani?"

"Atajilinda kama wasafiri wengine."

"Na nikiufunga?"

"Ukiufunga nitakuwa mtumishi wa mkoba, na mwenye mkoba hatalala njaa wala hataguswa na upanga. Lakini mimi ni jini niliyesinzia miaka mia tatu, binti, sijui kwa nini wazee wenu waliuacha mwanya. Ninachojua ni kwamba hawakuuacha kwa uvivu."

Zuwena alikaa na sindano mkononi mpaka mabaka ya rangi yakahama kutoka kwenye mkeka hadi chini ya madirisha. Alijiambia anamlinda Taufiki na upanga na njaa, na hilo lilikuwa kweli. Lakini chini yake lilikuwapo neno jingine, ambalo hakujiambia waziwazi, kwamba mwanya ukifungwa leo, siku ya marejeo hapatakuwa na mwanya wa kufunga, na sharti la Waziri litabaki halina pa kushika. Basi akatunga uzi, akaufunga mwanya kwa mshono wa kificho, mzuri usioonekana, akauma uzi kwa meno. Wala hapana aliyeukagua mkoba, kwa sababu haikupata kumpitia mtu wa Shamsina akilini kwamba yuko binadamu angefanya jambo hilo.

Taufiki akaondoka na mkoba begani, akageuka langoni mara mbili, na Zuwena akahesabu siku. Arobaini za kwenda, arobaini za kurudi, na siku chache za kumbembeleza ndege. Zikapita, zikapita tena kama hizo, mwaka ukatimia, na Amiri hakurejea. Sultani alikonda, akawa anazungumza na nguzo kwa muda mrefu zaidi, na safari hii akiziuliza habari za mwanawe.

Ndipo akaja mfanyabiashara wa chumvi, akaketishwa barazani, akasema, "Maulana, Amiri yu hai na afya tele. Anakaa chini ya mlima Zabarijadi katika nyumba nzuri, kila anachotaka anakipata, na ni mcheshi kwa wageni. Ila nilipomwuliza anatoka mji gani alitabasamu, akatazama huku na huku, akaniambia, bwana wangu, hilo ndilo silikumbuki. Na ndege wa mlimani humpa unyoya kila mgeni aendaye kumtembelea, kwa sharti amtajie kwao ni wapi. Amiri amepanda mara thelathini, na mara thelathini ameshuka mikono mitupu."

Zuwena alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Hapo akaelewa yale ambayo jini hakuyaelewa. Mwanya ule ndio uliokuwa kazi iliyobaki nyumbani, ndio uliomvuta msafiri, na yeye aliimaliza kazi kabla mtu hajatoka mlangoni. Akalivuka pazia, akapiga magoti mbele ya baraza yote, akaeleza tangu sauti ya Ghubari hadi uzi alioukata kwa meno.

Waziri Burhani akasema hili ni kosa lisilo na jina katika vitabu, na kwamba adhabu yake itabidi ibuniwe. Sultani akainua mkono kumnyamazisha. "Binti yangu, uliufunga kwa ajili ya jini?"

"Kwa ajili ya jini, Maulana, apate kumlinda. Na kwa ajili yangu. Sikutaka kuachwa."

Sultani alimtazama kwa yale macho yake mekundu, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi hakumchanganya mtu na nguzo. "Uzi unaweza kufumuliwa?"

"Unaweza, na anayeujua ni aliyeushona. Niruhusu niende, Maulana."

"Nani atakushonea mkoba?"

Zuwena akainamisha kichwa. "Sina mtu. Wa nyumbani kwangu wote wako makaburini."

"Wewe ni mke wa mwanangu," akasema Sultani. "Unalala chini ya paa langu. Nileteeni kaniki na melimeli na hiyo sufi, na mtu anionyeshe sindano inashikwa upande gani."

Nimesikia visa vya masultani walioteka miji, na vya masultani waliojenga misikiti ya marumaru, lakini kisa nikipendacho ni hiki cha Sultani Harubu kukaa mkekani na kastabani ya shaba katika kidole, akijichoma na kuomba radhi, wakati mkwewe akimwambia, "Anzia katikati, baba." Mistari yake ilikwenda kama nyayo za kuku aliyetishwa. Alishona usiku ambao hakuwa na haja nao, na mchana alishona tena, sindano ikizama na kuibuka, ikizama na kuibuka, na sufi ikilainika chini ya kiganja chake, na siku ya tisa, saa nne ya asubuhi, baraza ikiwa imejaa watu, kichwa chake kilishuka taratibu juu ya mkoba usiokwisha, naye akalala.

Watu wote walivua viatu. Mpiga ngoma wa langoni akaikumbatia ngoma yake, wachuuzi wakanong'ona bei, kuku wakapelekwa ng'ambo ya mto, na Shamsina yote ikatembea kwa vidole vya miguu siku mbili. Sultani alipoamka uso wake ulikuwa na alama za mistari iliyopinda. Matabibu wakasema, basi Maulana amepona na unyoya hauhitajiki tena, na yeye akawajibu, "Unyoya siuhitaji tangu kitambo. Namtaka mwanangu." Akaumaliza mkoba, na mwanya aliouacha ulikuwa upana wa kiganja kizima, kwa kuwa, alisema, huyu anakwenda mbali na lazima arudi.

Zuwena akasafiri siku arobaini, na kila alipochoka alitia mkono katika mwanya ule na kuigusa sufi, na njia ya nyumbani ikamjia nzima, kona kwa kona. Akafika chini ya Zabarijadi, mahali pa ukungu wa rangi ya maziwa na miti yenye majani ya fedha, akaiona nyumba nzuri, na barazani kwake ameketi Taufiki, mkoba umelala mapajani.

"Karibu, bibi," akasema Taufiki, akainuka kwa adabu. "Uniwie radhi, sura yako siikumbuki. Lakini mikono yako naijua."

Zuwena akaketi karibu naye, akatoa sindano. "Seyyid," akasema, "mkoba wako una kosa la mshono. Nimekuja kulirekebisha."

Taufiki akampa mkoba. Zuwena akaugeuza, akaupata mshono wa kificho ambao mtu mwingine yeyote asingeuona, na kwa ncha ya sindano akaanza kuufumua. Ulipofunguka upana wa kidole kimoja, Taufiki akainua kichwa na kusema, "Nasikia harufu ya udi." Wa pili, akasema, "Kuna madirisha ya rangi." Wa tatu, macho yakamjaa maji, akasema, "Baba hulala sasa?" Na wa nne ulipoachia akasema, "Zuwena," na hakusema zaidi, akaishika mikono yake pamoja na sindano iliyokuwamo.

"Angalieni goti langu," ikasema sauti kutoka bitanani, na Ghubari akaanza kutoka, unyuzi kwa unyuzi, mweupe na mwenye usingizi.

Wakamsubiri mwezi mzima, kwa sababu Zuwena alisema alikwisha kumfunga jini bila ridhaa yake, na hatamvuta kwa nguvu mara ya pili. Kisha wakapanda mlimani wote watatu, na ndege Sururi, mwenye shingo ya samawati na sauti ya bibi mtu mzima, akamwuliza Taufiki kama alivyomwuliza mara thelathini, "Kwenu wapi, mwanangu?" Taufiki akamjibu kwa urefu, akaanzia kwenye misufi na kuishia kwenye nguzo moja moja za kasri, na ndege akasikiliza amefumba macho, akang'oa unyoya akampa. Na waliporejea bondeni kwao Ghubari aliwaaga chini ya msufi alikozaliwa, akawaonyesha mahali mizizi yake ilipokumbatia hazina ya wafalme waliosahauliwa, akisema kwamba yeye inamuumiza mgongo akilala, wamwondolee. Kisha akaingia katika tunda na hajasumbuliwa tena.

Mji ulitoka wote kuwapokea. Sultani alimkumbatia mwanawe kisha akamkumbatia mkwewe, na akachukua unyoya akauweka chini ya mto wa yaya kipofu, ambaye naye halikuwa jambo geni kwake kukosa usingizi, ila hakuna aliyewahi kumwuliza.

Siku ya tatu Waziri Burhani akaingia barazani na sindano juu ya sinia la fedha. "Desturi ni desturi, Maulana. Amiri amerejea, na mwanya uko wazi. Binti aufunge, kazi ikamilike."

Zuwena akasimama. Alikuwa amekwisha kumpoteza Taufiki kwa mshono ule, akampata kwa kuufumua, na sasa ilimpasa kuufunga na kumpoteza tena, naye akaunyoosha mkono kwenye sinia mbele ya watu wote. Taufiki akapiga hatua kuja kwake, lakini kadhi akakohoa. "Naomba kuuliza," akasema. "Binti huyu si msafiri naye?"

"Ni msafiri," akasema Sultani polepole.

"Na mwanya wake umefungwa?"

Baraza ikageuka kuutazama mkoba wa Zuwena ulioning'inia begani, wenye mistari ya kuku, na tundu lake la kiganja kizima.

"Basi bado yuko njiani," akasema kadhi, "na aliye njiani haufungi mwanya wa mtu. Kwanza Maulana aufunge wa binti, kwa kuwa Maulana ndiye aliyeshona."

Waziri akampelekea Sultani sinia. Sultani akaichukua sindano, akaiinua kwenye mwanga, akautafuta uzi, akalitafuta tundu la sindano, akamtazama mwanawe na mkwewe waliosimama hawapumui. Kisha akapiga mwayo mrefu wa mtu mwenye raha, akauweka mkoba wa Zuwena chini ya shavu lake, akalala.

Na nani angemwamsha, mtu aliyekesha miaka minne? Walivua viatu, wakatoka kwa vidole vya miguu, Waziri wa mwisho. Alirudi na sinia lake wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, na kila alipotokea mlangoni Sultani alihisi macho mazito. Ikawa hivyo miaka ishirini na mitatu, mpaka Taufiki alipokalia kiti, na Zuwena kando yake, na wajukuu wa mshona magodoro wakajaza vyumba sabini na viwili kwa kelele. Mikoba ile miwili ilitundikwa msumari mmoja katika ukumbi wa mashariki, na watoto walipopita waliingiza vidole katika mianya yake wakaigusa sufi, na hapana aliyewakataza.

Nami niliyepewa kisa hiki nakikabidhi kwako na neno lake la mwisho, kama alivyokuwa akiwaambia Bi Zuwena mabinti waliokuja kujifunza kwake. Umpendaye akitaka kusafiri, mshonee mkoba, uushone kwa uzi mara mbili na uzikaze pembe zote, kisha acha vidole vinne.